Pikipiki ya Chama Ikipata Ajali: Dai la Bima na Makisio ya Matengenezo



Pikipiki si mali ndogo katika chama cha msingi. Ndiyo impelekayo bwana shamba mashambani, ndiyo imchukuayo katibu kwenda benki Mbinga, na wakati wa msimu ndiyo ipelekayo habari za mizani na bei kutoka ghala moja hadi jingine. Chama kikikaa miezi mitatu ya msimu bila pikipiki, hasara yake haionekani katika daftari la mali peke yake. Huonekana katika kahawa iliyochelewa kukusanywa, na katika mwanachama aliyemwuzia mlanguzi ufuta wake kwa sababu hakuna aliyefika kumwambia siku ya mnada.

Vyama vingi hukata bima, kisha husahau. Siku ya ajali ndipo hati ya bima hutafutwa kabatini, na mara nyingi huko ndiko hugundulika kwamba fidia iliyotarajiwa haimo, au imepotea kwa kosa lililofanywa katika siku mbili za kwanza. Somo hili lahusu siku hizo mbili, na lahusu karatasi moja ambayo wengi huidharau: makisio ya matengenezo.

Tuchukue mfano wa chama kilichoko Litumbandyosi. Mfano ni wa kufundishia, na hesabu zake si bei za duka lolote. Tumechagua Litumbandyosi kwa kuwa katibu wa huko hana gereji ya kampuni ya bima jirani naye. Fundi wa kuaminika, wakala wa bima na mkadiria hasara wote yambidi awatafute mbali, katika barabara ya udongo ambayo masika huigeuza utelezi. Karani wa chama alikuwa akirejea jioni, mvua imenyesha, akamgonga mwendesha baiskeli aliyebeba gunia la mahindi. Mwendesha baiskeli aliumia goti. Karani alianguka pamoja na pikipiki ukingoni mwa barabara. Shokapu za mbele zikapinda, rimu ikakunjika, taa ikavunjika na tangi likabonyea.

Bima gani mnayo?

Hili ndilo swali la kwanza, nalo lapaswa kujibiwa kabla ya ajali. Sheria ya bima ya vyombo vya moto, Sura ya 169, yalazimisha kila chombo cha moto kiendacho barabarani kuwa na bima kwa ajili ya kifo au majeraha ya watu wengine. Hii ndiyo iitwayo bima ya mtu wa tatu, na watu huiita bima ndogo. Mtu wa kwanza ni chama, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yule aliyeumizwa. Katika mfano wetu mtu wa tatu ni mwendesha baiskeli. Bima ndogo yamtazama yeye. Pikipiki ya chama haitazami kabisa. Kama chama cha Litumbandyosi kilikata bima ndogo, basi shokapu, rimu na taa vitanunuliwa kwa fedha za wanachama, hata makisio yakiandikwa kwa wino wa dhahabu.

Iko bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, ambayo huongeza hatari hizo mbili tu. Ni bima kubwa ndiyo ilipayo pia uharibifu wa pikipiki yenyewe katika ajali. Ada yake ni kubwa zaidi, na hatusemi kila chama lazima kiikate. Pikipiki iliyochakaa huenda haistahili. Lakini uamuzi huo ufanywe na halmashauri katika kikao, uandikwe, na wanachama waelezwe. Si haki mwanachama afahamu maana ya "bima ndogo" siku anapoombwa kuchangia tangi.

Tangu Shirika la Bima la Taifa lilipotaifishwa mwaka 1967 hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa kampuni nyingine, katibu wa chama hakuwa na la kuchagua: shirika lilikuwa moja. Siku hizi kampuni ni nyingi na mawakala ni wengi zaidi, na pamoja nao wamekuja watu wauzao stika za uongo. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ina utaratibu wa kuhakiki stika kwa simu au kompyuta. Katibu ahakiki siku ileile anapolipa, kabla wakala hajaondoka mlangoni.

Jambo jingine la kusoma katika hati ni matumizi. Pikipiki iliyokatiwa bima kwa kazi za chama haikukatiwa bima ya kubeba abiria kwa malipo. Tunajua yanayotendeka siku za gulio: mpanda pikipiki hubeba abiria mmoja, wawili, ili apate fedha ya chai. Ajali ikitokea wakati huo, kampuni yaweza kukataa dai lote la pikipiki, nayo haitakuwa imekosea. Hali kadhalika mpandaji asiye na leseni ya daraja la pikipiki. Jina la kila aliyeruhusiwa kuipanda liandikwe, na nakala ya leseni yake iwekwe jaladani, pamoja na tarehe itakapokwisha.

Siku ya ajali

Mtu kwanza, chuma baadaye. Aliyeumia apelekwe kituo cha afya, na fomu ya Polisi PF 3 ichukuliwe kwa ajili yake. Baada ya hapo pikipiki isiondolewe mpaka Polisi wafike, isipokuwa imeziba njia na kuhatarisha wengine. Hapo ipigwe picha kwanza, kutoka mbele, nyuma na pande zote mbili, na picha moja ionyeshe barabara na alama za matairi. Simu ya mkononi yatosha. Yaandikwe majina ya walioshuhudia, saa, hali ya mvua, na namba ya chombo kingine kama kilihusika. Wanaopita njia za Ruanda na Kitai wanayafahamu malori ya makaa ya mawe ya Ngaka. Lori likikuangusha na kwenda zake bila wewe kusoma namba, dai lako dhidi ya bima yake limekwenda nalo.

Hapa pana jambo gumu kwa desturi zetu. Vijijini, mtu akimgonga mwenziwe, wazee hukaa, husemezana, na hutoka na kiasi cha fidia kabla jua halijatua. Ni desturi njema, nasi hatutaki kuiua. Lakini karibu kila hati ya bima ina sharti kwamba mwenye bima asikiri kosa wala asiahidi malipo bila idhini ya kampuni. Katibu akiandika barua kwa wazee kwamba "chama kitalipa gharama zote," kampuni yaweza kusema ahadi hiyo si yake. Afanyeje basi? Aende kumjulia hali majeruhi, apeleke pole ya uji na sukari, na aseme wazi kwamba chama kina bima na kwamba madai yatapelekwa huko. Kutoa pole si kukiri kosa. Majeruhi naye asaidiwe kupata namba ya hati ya bima na anwani ya kampuni, kwa kuwa hiyo ni haki yake, na jirani anayesaidiwa hana sababu ya kukasirika.

Taarifa na ulinzi wa pikipiki

Kampuni iarifiwe kwa simu siku ileile au asubuhi yake, kisha kwa barua. Barua ndiyo yenye nguvu. Itaje namba ya hati, namba ya usajili, tarehe, saa na mahali, jina la mpandaji, na maelezo mafupi ya lililotokea, bila hukumu ya nani mkosaji. Nakala ibaki, na anayepokea agonge mhuri au atie sahihi. Mali bila daftari huisha bila habari. Na dai bila nakala huisha vivyo hivyo. Kampuni nyingi huomba pia fomu za Polisi PF 90, PF 93 na PF 115, ramani ya mahali pa ajali, kadi ya pikipiki na leseni ya mpandaji. Fomu za Polisi hazipatikani kwa siku moja. Katibu azifuatilie mapema, asingoje kampuni imkumbushe.

Kosa liangamizalo madai mengi kuliko yote ni haraka ya kutengeneza. Msimu umefika, halmashauri ina wasiwasi, fundi wa kijijini asema atainyoosha shokapu kwa moto na nyundo kesho asubuhi. Pikipiki hutengenezwa, hutembea, na mkadiria hasara afikapo hana cha kukadiria. Aliyeijenga hoja yake juu ya chuma kilichokwisha kunyooshwa hana ushahidi ila maneno. Pikipiki ifungiwe ghalani, mtu mmoja akabidhiwe ufunguo kwa maandishi, na orodha ya vifaa vilivyomo iandikwe siku hiyo: betri, kioo, plagi, kabureta. Tumeona mali iliyopona ajali ikaibwa ghalani, na wizi wa namna hiyo kampuni haukubali kuwa sehemu ya ajali.

Gharama ya kuisafirisha mpaka gereji hulipwa na kampuni katika hati nyingi, kwa kiasi cha haki, lakini kwa risiti. Mwenye gari la mizigo asiyetoa risiti ni rahisi siku ya kumlipa na ghali siku ya kudai.

Makisio ya matengenezo

Sasa tumefika katika kiini cha somo. Makisio si bei ya fundi tu. Ni ushahidi wa maandishi unaosema: ajali hii iliharibu vitu hivi, na kuvirudisha katika hali yake ya awali kwagharimu kiasi hiki. Karatasi isemayo "Matengenezo ya pikipiki, jumla shilingi 755,000" haisemi lolote. Mkadiria hasara ataipunguza apendavyo, na katibu hatakuwa na neno la kumjibu.

Makisio mazuri hutaja namba ya usajili, namba ya injini na ya fremu, aina ya pikipiki, na tarehe. Kisha hutaja kila kipuri kwa jina, idadi yake na bei yake. Kama ni kipuri cha asili cha kiwandani au cha kuiga. Na kama kitabadilishwa au kitanyooshwa. Ufundi uandikwe peke yake, rangi peke yake, usafiri peke yake. Yatakiwe kutoka gereji mbili au tatu, na ziwe gereji zinazoweza kutoa risiti ya mashine ya kodi. Bei za gereji zikitofautiana sana, usishangilie iliyo ndogo kabla hujatazama kama imesahau kitu. Fundi aliyeisahau rimu atakuja kuidai pikipiki ikiwa imefunguliwa.

Yako madhara yasiyoonekana mpaka pikipiki ifunguliwe. Fremu yaweza kupinda kidogo tu, jicho lisione, na gurudumu la mbele likaenda upande. Fundi mwaminifu huandika chini ya makisio kwamba hasara itakayoonekana baada ya kufungua itatolewa makisio ya nyongeza. Sentensi hiyo moja huokoa fedha nyingi. Lakini nyongeza ikionekana, kazi isimame, kampuni iarifiwe, iidhinishe, ndipo iendelee.

Na sasa lile lililo gumu kusema mbele ya wanachama. Makisio mengi huwa na vitu ambavyo ajali haikuvigusa. Cheni imelegea tangu mwaka jana, tairi la nyuma limekwisha, na fundi asema: maadamu bima inalipa, tuviweke vyote. Katibu hukubali akidhani anakitetea chama. Kwa kweli anakidhoofisha. Mkadiria hasara aliye mzoefu huona kutu na mpasuko wa zamani mara moja. Akikuta udanganyifu katika cheni ya shilingi elfu chache, hataamini tena neno la shokapu. Tena bima imejengwa juu ya nia njema, na dai lenye udanganyifu laweza kukataliwa lote. Vitu vilivyochakaa viorodheshwe, lakini katika karatasi nyingine, kwa gharama ya chama.

Tutazame hesabu. Gereji imeandika hivi: shokapu mbili za mbele shilingi 180,000, rimu ya mbele na spoki 95,000, tairi la mbele 70,000, usukani 35,000, taa ya mbele 45,000, kunyoosha tangi na rangi 60,000, ufundi 80,000, usafiri mpaka Mbinga 60,000. Jumla ya hasara ya ajali ni 625,000. Kisha wameongeza cheni na sproketi 55,000 na tairi la nyuma 75,000, ikawa 755,000. Mkadiria hasara afuta vile viwili vya mwisho. Tairi la mbele lilikwisha nusu kabla ya ajali, naye akubali nusu ya bei yake, yaani 35,000, kwa kuwa chama kitapata tairi jipya badala ya lililochakaa. Panabaki 590,000. Hati ya bima yasema kwamba katika kila dai mwenye bima atabeba mwenyewe shilingi 100,000 za kwanza. Kampuni italipa 490,000.

Halmashauri iliyotegemea 755,000 itasema imeibiwa. Halmashauri iliyoelezwa itajua kwamba katika hasara ya ajali chama chabeba 135,000, na kwamba cheni na tairi la nyuma ni matengenezo ya kawaida yaliyopaswa kuwamo katika bajeti. Tofauti ya halmashauri hizo mbili ni katibu.

Tuongeze tatizo jingine. Ili kupunguza ada, chama kilisema pikipiki ni ya shilingi 2,400,000, ilhali sokoni ilikuwa na thamani ya 3,000,000. Baadhi ya hati zina sharti kwamba aliyekata bima pungufu atalipwa kwa uwiano. Hapa uwiano ni nane kwa kumi. Ile 590,000 yawa 472,000, na baada ya kutoa 100,000, chama chapata 372,000. Punguzo la ada lililowafurahisha mwanzoni mwa mwaka limekwisha kuliwa. Kwa upande mwingine, kutaja thamani kubwa kupita ukweli hakusaidii, kwa sababu pikipiki ikiharibika kabisa kampuni hulipa thamani yake ya sokoni siku ya ajali, si ile ya kujivunia. Katika hali hiyo mabaki huwa ya kampuni, au hukatwa thamani yake katika malipo kama chama chataka kubaki nayo. Halmashauri iulize kabla ya kujibu.

Kutia sahihi

Kabla ya malipo kampuni huleta hati ya kukubali. Ikisema "malipo kamili na ya mwisho," maana yake ni hiyo hasa: ukitia sahihi, fremu iliyopinda ikigundulika mwezi ujao, ni yako. Kama gereji ndiyo inayolipwa moja kwa moja na kampuni, katibu asipokee pikipiki kwa kuiangalia tu. Aipande mtu mwenye leseni, ajaribu breki, aachie usukani kidogo kwa mwendo wa polepole aone kama yavuta upande. Vipuri vya zamani vitakiwe, vilinganishwe na makisio. Shokapu iliyolipiwa kuwa mpya na iliyonyooshwa hutambulika kwa mafuta yavujayo baada ya wiki chache, wakati ambapo sahihi imekwisha kukauka.

Kampuni ikikaa kimya, katibu aandike barua ya kuuliza, itaje tarehe ya dai na nyaraka zote zilizokwisha kupelekwa, na aombe jibu kwa tarehe maalumu. Asiporidhika, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Wote wawili watauliza kitu kimoja kwanza: nakala.

Limebaki suala la karani aliyeanguka. Katika vyama vingine hukumu hutolewa barazani: "Alikuwa akikimbia, akatwe." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikubali makato ya namna hiyo. Ni lazima hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujibu, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kama alikuwa na leseni, katika kazi ya chama, na ni mvua iliyomwangusha, ile 100,000 ni ya chama. Chama kilikubali kuibeba siku kilipopokea hati.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Leteni hati ya bima ya pikipiki ya chama chenu. Ni bima ya aina gani? Yataja matumizi gani, na kiasi gani chama kitabeba chenyewe katika kila dai?

2. Pikipiki ya chama ina makisio ya shilingi 480,000, na ndani yake mna betri ya 60,000 iliyokufa kabla ya ajali. Chama hubeba 80,000 za kwanza. Kampuni italipa kiasi gani, na katibu ayaandikeje makisio hayo upya?

3. Wazee wa kijiji wamemwomba mwenyekiti atie sahihi kwamba chama kitamlipa majeruhi. Mwenyekiti ni mkwe wa majeruhi. Mtamshauri nini?